Mistari Minne Badala ya Kumi: Kisa cha Mwanafunzi wa Darasa la Pili mjini Busia

Kisa hiki kinamhusu mvulana wa miaka 7 aliyeshindwa kutulia na kuzingatia darasani, mwanafunzi wa darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali mjini Busia, upande wa Uganda. Nilipoingia katika jambo hili, shule ilikuwa imekwisha kumwandikia mama yake barua mbili za kumtaka amhamishe. Mimi ni mwalimu niliyesomea elimu ya mahitaji maalumu katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, na aliyeniomba msaada ni mama mwenyewe, ambaye huuza dagaa wa Majanji sokoni na ambaye kwa miaka kadhaa nimekuwa mteja wake. Majina ya mtoto, ya shule na ya walimu nimeyaacha, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa nimeyabadilisha ili familia isitambulike.

Barua ya pili iliandikwa baada ya mtoto kutoka getini saa nne asubuhi na kukutwa kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya. Alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma la lori moja, akihesabu. Askari wa geti alikuwa ameitwa kupokea kuni za jikoni. Mtoto hakuumia, lakini lori lingeondoka wakati wowote, na mwalimu mkuu aliniambia baadaye kwamba usiku ule hakulala. Ninalitaja tukio hili mapema kwa sababu visa vya namna hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba shule haikuwa na sababu yoyote ya kulalamika. Ilikuwa nayo. Darasa la mtoto huyu lilikuwa na wanafunzi 94 na mwalimu mmoja, na huyo mmoja hawezi kuwa mlangoni na ubaoni kwa wakati mmoja.

Tatizo lilikuwa katika namna shule ilivyolieleza jambo lenyewe. Barua zote mbili zilisema kuwa mtoto hana nidhamu, ni mtukutu, hasikii na anawasumbua wenzake. Sokoni watu walimwita mtundu, neno ambalo kwetu lina nusu ya sifa ndani yake, kwa maana mtundu ni msumbufu lakini pia ni mtu mwenye ubunifu wa mikono na akili. Bibi yake alisema ana kichwa kigumu. Maneno haya yote humwelezea mtoto, ila hakuna hata moja linalomwambia mwalimu afanye nini saa tatu na nusu asubuhi, ubao ukiwa umejaa maandishi na mtoto akiwa amekwisha kuinuka.

Mama alikuwa ameanza kutafuta msaada kabla sijafika. Jirani mmoja alimshauri ampeleke kwa mganga, kwa kuwa mtoto alipokuwa na miaka 3 alipata degedege na kulazwa hospitalini bila fahamu kwa siku mbili. Hakwenda kwa mganga. Alimpigia simu mdogo wake anayeishi Massachusetts, Marekani, naye, kwa nia njema kabisa, akamtumia mfano wa barua ambayo wazazi wa huko huwapelekea wakuu wa shule. Mama aliichapisha kwenye duka la kompyuta, akaweka jina lake na kuipeleka. Barua ilidai mtoto afanyiwe tathmini katika muda uliowekwa na sheria, na ikataja haki za mzazi kwa lugha ya wakili. Mwalimu mkuu aliisoma kama tishio la kumfikisha mahakamani. Tangu siku ile, kila mama aliposimama getini alijibiwa kwa salamu fupi na hakukaribishwa ndani.

Nataka nilieleze jambo hili vizuri, maana wazazi wengi wa kwetu wanapata ushauri wao kwenye intaneti, na sehemu kubwa ya ushauri huo imeandikwa kwa ajili ya Marekani. Kule kuna kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, kinachokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu, na kuna sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu iliyoanza mwaka 1975, na chini ya sheria hizo barua ya mzazi inaiwajibisha shule kujibu. Hapa Uganda tuna Katiba ya mwaka 1995, ambayo kifungu chake cha 30 kinampa kila mtu haki ya elimu, tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inayokataza ubaguzi, na tuna marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Watoto, yaliyopiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Sheria hizi zina nguvu katika kusema mtoto asifanyiwe nini. Hazimpi mzazi utaratibu ule wa Marekani wa kuwasilisha barua na kuhesabu siku. Kwa hiyo mama aliyebeba barua ya Massachusetts alikuwa ameshika haki yake mkononi, lakini mwenye kuipokea hakujua aifanyie nini, na mahali pa mazungumzo pakaingia woga.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzuia neno ADHD lisitamkwe mapema. Hali hii, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuieleza kuwa ni upungufu wa umakini unaoandamana na utukutu uliozidi umri wa mtoto, haipimwi kwa damu wala kwa picha ya kichwa. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika toleo lake la tano la mwaka 2013, unataka mtoto awe na dalili zisizopungua 6 za kutozingatia, au zisizopungua 6 za utukutu na papara, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zionekane mahali pawili au zaidi, na ziwe kweli zinamzuia mtoto katika maisha yake. Sharti la mahali pawili ndilo ninalolipa uzito mkubwa. Mtoto anayeonekana hivyo shuleni tu huenda hasikii vizuri, haoni ubao, anachapwa, ana njaa, au haelewi lugha inayosemwa.

Lugha ndiyo iliyonishughulisha zaidi ya yote. Nyumbani mtoto huyu huzungumza Kiswahili na mama yake na Kisamia na bibi yake. Mtaala wa madarasa ya chini, ulioanza mwaka 2007, unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, lakini mjini Busia, ambako Wasamia, Wateso, Wajaluo, Waganda na Wasomali wanakaa kwenye dawati moja, shule hii ilifundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Basi nilijiuliza kama mtoto anainuka kwa sababu hashiki linalosemwa. Jioni moja nilikaa kwenye kibanda cha mama yake na kumwambia kwa Kiswahili chepesi, tukiwa wawili tu, achukue kikombe, akiweke juu ya debe, kisha aniletee ufunguo uliokuwa msumarini. Alichukua kikombe kwa furaha, akapita karibu na debe, akaona mizani, akaanza kuipima mizani kwa kikombe. Hakuwa amekataa. Nilipomkumbusha, alishtuka kwa dhati, akakiweka kikombe mahali pake, na ufunguo ukasahaulika. Nilirudia zoezi la namna hiyo siku tatu tofauti, na mara moja kwa Kisamia kwa msaada wa bibi. Agizo moja alilitimiza kila mara. Maagizo matatu yaliyofuatana hakuyafikisha mwisho hata siku moja. Kiingereza kilimwongezea mzigo, hilo sina shaka nalo, lakini hakikuwa chanzo.

Kituo cha afya kilimpima macho na masikio, vyote vikawa vizima. Kutoka hapo tulipata barua ya kwenda kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale, ambako alionwa na afisa wa kliniki wa magonjwa ya akili, mmoja wa wale wanaofunzwa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Wazazi husikia neno "akili" wakadhani mtoto anapelekwa kufungiwa. Mama alitumia nauli, siku nzima ya biashara na chakula cha njiani, na alirudi akiwa na karatasi moja na maelezo mengi kichwani.

Afisa yule alisimama kwa muda mrefu kwenye habari ya degedege. Alieleza kuwa degedege na kupoteza fahamu kwa namna ile huweza kuwa dalili za malaria ya ubongo, na kwamba malaria hiyo huweza kuacha alama katika uwezo wa mtoto wa kuzingatia na kukumbuka. Uganda yenyewe imetoa ushahidi mzito kuhusu hili, kwa maana utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2008 uliwafuata watoto waliougua malaria ya ubongo wakiwa na miaka 5 hadi 12, ukakuta kuwa baada ya miaka 2 takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika uwezo wa akili. Mtoto wetu aliugua akiwa mdogo kuliko hao, kwa hiyo huwezi kuchukua hesabu ile na kumbandika. Hata hivyo maelezo yale yalimfanyia mama jambo ambalo sikulitarajia. Kwa miaka minne alikuwa amebeba maneno ya watu kwamba alimdekeza mwanawe. Aliporudi Busia alimwambia bibi, mbele yangu, "Mama, si mimi niliyemharibu."

Hitimisho la Mbale lilikuwa kwamba mtoto anatimiza vigezo vya ADHD ya aina zote mbili, kutozingatia pamoja na utukutu, na kwamba uwezekano wa mchango wa malaria ya zamani uandikwe katika faili. Dawa haikuanzishwa. Afisa alishauri kwanza yafanyike mabadiliko darasani na nyumbani, kisha mtoto arudi baada ya muhula mmoja akiwa na kumbukumbu za maandishi kutoka shuleni. Ushauri huo unakubaliana na miongozo ya Shirika la Afya Duniani, ambayo haitaki mhudumu asiye mtaalamu aanzishe dawa za hali hii, na ambayo hutanguliza mafunzo kwa wazazi na msaada wa shule.

Hapo ndipo nilipoomba ruhusa ya kukaa darasani. Mwalimu mkuu alinikubalia kwa sababu sikwenda na madai. Nilimwambia nataka kuhesabu tu.

Nilikaa asubuhi mbili kwenye benchi la nyuma, nikiwa na daftari na saa, na kila mara mtoto huyu alipoinuka niliandika dakika na kazi iliyokuwa ikiendelea. Katika asubuhi hizo mbili aliinuka mara 23. Mara 17 kati ya hizo zilikuja baada ya mwalimu kusema wanakili kutoka ubaoni. Wakati wa hesabu, walipopewa vizibo vya soda wahesabu na kuvigawa mafungu, hakuinuka hata mara moja, na alimaliza kabla ya wote waliokuwa dawati moja naye. Wakati wa hadithi alijinyonganyonga lakini alibaki.

Nililiomba daftari lake. Ukurasa wa siku ile ulikuwa na tarehe iliyoandikwa kwa herufi nzuri, kichwa cha somo kikiwa kimepigiwa mstari kwa rula, kisha sentensi ya kwanza nzima. Sentensi ya pili ilikuwa imerukwa neno moja. Ya tatu ilianza na maneno mawili ya sentensi ya tano. Baada ya hapo herufi ziliteremka kwenye mstari kama vitu vinavyomwagika, na chini yake palikuwa na lori, limechorwa kwa uangalifu mkubwa, lenye magurudumu 22, yote yakiwa yamewekewa namba. Mwalimu alikuwa ameweka alama ya kosa juu ya ukurasa mzima.

Mtoto alikuwa ameketishwa dawati la mwisho karibu na mlango, ili asiwasumbue walio mbele. Kunakili kutoka ubaoni ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani sisi tulioizoea. Mtoto anainua macho, anausoma mstari, anaushika kichwani, anateremsha macho, anatafuta mahali alipoishia, anaandika, kisha anapanda tena na kutafuta mstari uleule kati ya mistari kumi. Mwenye kumbukumbu ya kazi iliyo fupi, yaani uwezo wa kushika jambo kichwani wakati wa kulitumia, anaangusha mzigo katika kila safari. Huyu wa kwetu, kila alipoinua macho, yalipita juu ya vichwa 90 kabla hayajaufikia ubao, na upande wa kulia mlango ulikuwa wazi, na nje ya mlango malori yalikuwa yakinguruma. Tangu hapo sijawahi kumketisha mtoto wa aina hii nyuma.

Adhabu nayo ilikuwa na hesabu yake. Alipoinuka mara ya nne au ya tano, mwalimu alimtoa nje asimame chini ya mwembe. Mtoto alitoka haraka. Chini ya mwembe kulikuwa na upepo, sisimizi na mwonekano mzuri wa barabara. Adhabu ilimwondoa kwenye kazi inayomshinda na kumpeleka mahali anapopapenda, tena hatua chache kutoka getini. Sikumlaumu mwalimu, kwani kila mmoja wetu amewahi kumtoa mtoto nje ili wengine 93 wasome. Lakini ukitazama daftari langu unaona wazi kwamba mwembe ulikuwa unamfundisha kuinuka.

Baba yake ni dereva wa malori ya kwenda Juba. Aliporudi safari tuliketi uani, akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa hivihivi. Viboko vilininyoosha." Nilimuuliza aliacha shule akiwa darasa la ngapi. Alijibu la tano, akanyamaza, na sisi sote tukanyamaza pamoja naye. Tafiti za mapacha zinakadiria mchango wa kurithi katika ADHD kuwa kati ya asilimia 70 na 80, na huenda baba yule alikuwa anamtazama mwanawe kama mtu anayeitazama picha yake ya utotoni. Hakuniahidi kitu jioni ile. Lakini ndiye aliyekwenda shuleni kwanza kuomba kikao, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na naamini kwamba kuja kwake kulifungua zaidi kuliko barua yoyote.

Kikao kilikuwa na watu watano: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, wazazi wawili na mimi. Sikuanza na mtoto. Nilimuuliza mwalimu wa darasa ni saa gani inayomchosha kuliko zote. Alisema bila kufikiri, "Saa tatu mpaka saa nne, tunapoandika." Nilifungua daftari langu nikamwonyesha zile mara 17. Kuanzia hapo tulizungumza kama watu wanaotazama kitu kimoja. Neno nidhamu halikurudi mpaka kikao kilipokwisha.

Tuliyokubaliana yalikuwa madogo kwa makusudi. Ninawaomba walimu wenzangu wa elimu maalumu walitafakari hili, maana nimeona mipango mizuri ya kurasa sita ikifia kwenye kabati kwa sababu iliandikwa kana kwamba darasa lina watoto 15. Mtoto alihamishiwa dawati la mbele, upande wa ukuta, mbali na mlango, mahali ambapo mwalimu angeweza kumgusa bega bila kukatiza somo. Wakati wa kunakili angewekewa karatasi ya kazi kwenye dawati asihangaike na ubao, na angeandika mistari 4 tu, safi na kamili, wenzake wakiandika 10. Kati ya somo na somo angegawa madaftari au kulowesha kifutio bombani, ili mwili wake upate sababu halali ya kuinuka. Maagizo angepewa moja baada ya jingine, naye angelirudia kwa mdomo kabla ya kuanza. Mwembe ulifutwa. Kuhusu fimbo, nilizungumza na mwalimu mkuu tukiwa wawili baada ya kikao, nikamkumbusha sheria ya 2016, ambayo aliijua, na nikamwambia kuwa mtoto aliyechapwa kwa kuinuka huinuka tena, akiwa na hofu juu yake. Alisema fimbo haitamgusa mtoto huyu. Nilitamani aseme haitamgusa mtoto yeyote, na nilimwambia hivyo.

Jambo la mwisho lilikuwa kadi ya kila siku. Tuliikata kutoka kwenye jalada la daftari la zamani, tukaandika malengo matatu: nimebaki darasani mpaka kengele, nimemaliza mistari yangu, nimeinua mkono kabla ya kusema. Mwalimu angeweka alama ya tiki, na mtoto akifikisha tiki mbili kati ya tatu angeruhusiwa jioni kupanga makopo ya dagaa na kumhesabia mama mauzo. Watu wazima walishangaa kuwa kazi inaweza kuwa zawadi. Yule mtoto angehesabu chochote ulichompa.

Wiki ya kwanza kadi ilipotea mara tatu. Ilikuwa kosa langu, kwa sababu nilimpa mtoto anayesahau karatasi ya kukumbuka. Tuliihamishia kwenye jalada la nyuma la daftari la kazi za nyumbani, lisilotoka katika mkoba, ikakaa. Zawadi nayo mwanzoni ilisubiri mpaka Ijumaa, na hilo pia lilikuwa kosa, kwani kwa mtoto huyu Ijumaa iko mbali kama mwakani. Tulipoifanya ya jioni ileile, mabadiliko yalionekana ndani ya siku chache.

Tatizo ambalo hatukuliona mapema lilitoka kwa wenzake. Msichana wa dawati la pili aliuliza kwa sauti kwa nini yule anaandika mistari minne na yeye kumi, na swali lake lilikuwa la haki. Mwalimu alilitatua kwa njia ambayo nisingeifikiria. Alilitangazia darasa kwamba yeyote atakayeandika mistari 4 bila kosa ataruhusiwa kusimama hapo, na anayetaka aendelee hadi 10. Wengi waliendelea, wachache walisimama, na kati ya hao wachache aligundua wawili ambao hawakuwa wakiona ubao vizuri. Na kazi ya kugawa madaftari aliigawa kwa zamu, ila zamu za mtoto wetu zilikuwa nyingi kidogo.

Katikati ya muhula mwalimu huyu alikwenda likizo ya uzazi. Aliyeshika darasa hakuambiwa lolote. Siku ya kwanza alimrudisha mtoto dawati la nyuma, kwa sababu alimwona mrefu. Baada ya siku nane mama alinipigia simu akilia. Mtoto alikuwa amekwisha kurudi chini ya mwembe, daftari limejaa malori, na kadi haikuwa na tiki hata moja. Kosa hili ndilo ninalolijutia zaidi. Tulikuwa tumeyaweka makubaliano yote katika kichwa cha mwalimu mmoja. Niliandika ukurasa mmoja, si zaidi, wenye jina la mtoto, mambo sita ya kufanya, mambo mawili ya kutofanya na namba ya simu ya mama. Mwalimu mkuu aliutia sahihi na muhuri, nakala moja ikabaki ofisini, moja ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati la darasa, moja akapewa mama, na moja ikapelekwa kwa mkaguzi wa wilaya anayeshughulikia mahitaji maalumu. Mwalimu mgeni aliusoma akiwa amesimama, akasema, "Kumbe ni haya tu?" Asubuhi iliyofuata mtoto alikuwa mbele, upande wa ukuta.

Mwishoni mwa muhula wa tatu nilirudi kwenye benchi langu la nyuma kwa asubuhi mbili. Aliinuka mara 9 pasipo kutumwa. Getini hakuwa ametoka tena. Mistari yake minne ilikuwa kamili katika siku nyingi, na siku moja aliandika sita kwa hiari. Kusoma bado kulikuwa nyuma kwa mwaka mzima, na hilo kadi haiwezi kuliponya, kwa sababu masomo aliyoyakosa chini ya mwembe lazima yafundishwe upya, na mwalimu mwenye wanafunzi 94 hana saa ya kufanya hivyo. Kwa sasa bibi na mimi tunagawana jioni mbili kwa wiki, dakika 20 kila jioni, tukianza na Kiswahili anachokielewa ndipo tuvuke kwenda Kiingereza.

Bado kuna mambo mawili. La kwanza ni dawa. Kumbukumbu za muhula zimepelekwa Mbale, na afisa ameeleza kuwa iwapo baada ya mwaka wa msaada mzuri mtoto bado anazuiwa na hali yake, litaangaliwa suala la methilfenideti, dawa inayotumika kutibu ADHD, chini ya daktari bingwa. Wazazi wanataka kujua kwanza kama dawa itapatikana mwezi baada ya mwezi na kwa bei gani, kwa kuwa kuianza na kuikatiza kila mara hakutamsaidia, na nadhani wanauliza swali sahihi. La pili liko mbali, lakini nimemwomba mama asilisahau. Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45 za ziada, na anayepaswa kuyaeleza mahitaji hayo wakati wa kuwaandikisha ni mkuu wa shule. Mtoto huyu akifika darasa la saba, mwalimu mkuu wa sasa huenda amekwisha kuhamishwa.

Kwa hiyo mama ameweka faili. Ndani yake mna karatasi ya Mbale, majibu ya macho na masikio, ukurasa wenye muhuri, nakala za hesabu zangu, na kurasa mbili za daftari, ule wa lori la magurudumu 22 na ule wa mistari sita. Mwezi wa pili, siku ya kufungua shule, alikwenda nalo kwa mwalimu wa darasa la tatu kabla ya kengele ya kwanza. Mwalimu alilipekua, akasimama kwenye ule ukurasa wa lori, akamuuliza mtoto kwa nini lina magurudumu mengi hivyo. Mtoto akamjibu kwamba ni la tela, na akaanza kumhesabia.